Hesabu ya Nyumba 64 za Sataranji

Ubao wa sataranji una nyumba 64. Ikitiwa punje 1 ya ngano katika nyumba ya kwanza, na 2 katika ya pili, na 4 katika ya tatu, na kila nyumba mara mbili ya iliyotangulia, jumla ya punje zote ni 18,446,744,073,709,551,615. Yasimuliwa kwamba mfalme mmoja wa Bara Hindi alimwambia Sissa, mwenye hekima aliyeubuni mchezo huo, ataje ujira autakao. Naye akaomba punje hizo tu. Mfalme akaona amedharauliwa kwa kuombwa kitu kidogo, hata makarani wake walipomjulisha kwamba mali yake yote haitoshi kutimiza ahadi. Kisa ni kisa. Bali adadi ni ya yakini.

Kadhi Ibn Khallikan, aliyefariki Dameski mwaka 1282, aliitilia shaka hesabu hii, na shaka yake haikuwa ya ujinga, maana akili huikataa kabla ya kuipima. Kisha karani mmoja wa Iskandaria akamwonyesha. Nyumba ya 16 ina punje 32,768, nazo walizikadiria kuwa kadaha moja, kipimo cha Misri. Wakaendelea kwa vipimo vikubwa zaidi hata nyumba ya 40, wakaifanya kuwa ghala moja. Nyumba ya 50 ikawa ghala 1,024, wakaziita mji mmoja; na nyumba ya 64 peke yake ikawa miji 16,384. Ni nani aijuaye dunia yenye miji mingi hivyo, kila mmoja umejaa nafaka?

Al-Biruni alikwisha kuitoa adadi hiyo karibu na mwaka 1000, kwa njia fupi. Jumla ya nyumba zo zote huwa pungufu kwa moja kuliko nyumba ifuatayo: 1 na 2 na 4 ni 7, na nyumba ya nne ni 8. Basi yatosha kuijua nyumba ya 65, ijapokuwa haimo ubaoni, kisha kutoa moja. Msomaji na ashike kalamu, aanze na 16 ya nyumba ya tano, aizidishe kwa nafsi yake: 256, nayo ni nyumba ya 9. Tena: 65,536, nyumba ya 17. Tena: 4,294,967,296, nyumba ya 33. Mara ya nne atapata 18,446,744,073,709,551,616.

Aogopaye kukosea ana mizani ya tisa. Ajumlishe tarakimu za kila jawabu mpaka ibaki moja: 16 yatoa 7, kisha 4, kisha 7, kisha 4, kisha 7, na kila moja ni zao la iliyotangulia kuzidishwa kwa nafsi yake, maana 7 mara 7 ni 49, nayo yarudi 4. Lakini tarakimu mbili zikibadilishana mahali, mizani hii haioni.

Adadi ya punje ni witiri. Yagawanyika kwa 3, 5, 17, 257 na 65,537, kwa kuwa kila zao la adadi kwa nafsi yake, likipunguzwa moja, ni sawa na adadi pungufu ya moja kuzidishwa kwa adadi iliyozidi moja. Kwa hiyo ni 4,294,967,295 mara 4,294,967,297. Hiyo ya pili Fermat wa Ufaransa aliidhani haigawanyiki, mpaka mwaka 1732 Euler alipoonyesha kwamba ni 641 mara 6,700,417.