Mifuko ya Zawadi za Watoto: Kuhesabu Kabla ya Kushona

Katika toleo hili tunajifunza biashara moja ndogo ambayo kikundi chenye cherehani moja kinaweza kuianza: kushona na kuuza mifuko ya zawadi za watoto isiyoharibu mazingira. Ni ile mifuko midogo ambayo mtoto hukabidhiwa anapoondoka kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa, ubatizo, komunyo ya kwanza au mahafali ya chekechea. Ndani yake huwa na kitu cha kula, penseli na kitu cha kuchezea.

Biashara hii inaonekana rahisi, na kushona kwenyewe ni rahisi kweli. Mahali pagumu ni kwenye hesabu. Kikundi kinaweza kuuza mifuko mingi, kikasifiwa na kila mtu, na baada ya miezi michache kikakuta fedha za kununulia kitambaa zimekwisha. Fedha hizo mara nyingi ni akiba ya wanachama wenyewe, yaani ada za shule za watoto wao. Kwa sababu hiyo somo hili linakaa zaidi kwenye daftari kuliko kwenye sindano.

Kwa nini kuna nafasi

Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, na Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017. Hata hivyo, katazo la Tanzania lililenga mifuko ya kubebea. Vitu vidogo vya plastiki vinavyotiwa kwenye zawadi za watoto, kama filimbi, pete na magari madogo, havikuguswa. Vingi huvunjika siku hiyo hiyo na kuishia mtaroni. Mzazi anayetaka kitu bora kuliko hicho ndiye mteja wetu.

Mfuko unaostahili jina lake

Kabla ya kumwambia mteja kwamba mfuko wenu ni rafiki wa mazingira, upimeni kwa mambo matatu.

1. Je, ni kitambaa kweli? Mifuko mingi iliyoingia sokoni baada ya katazo inafanana na kitambaa lakini imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo ni plastiki. Kuna njia rahisi ya kujua. Kata kipande kidogo, kishike kwa kibano, kichome juu ya sahani ukiwa nje ya nyumba. Pamba huwaka, hutoa harufu ya karatasi iliyoungua na huacha jivu laini. Plastiki hujikunja, huyeyuka na kuganda kama ushanga mgumu. Ikiwa yote mawili yanatokea, kitambaa kimechanganywa.

2. Je, utatumika tena? Hili ndilo jambo kubwa. Kulima pamba, kusokota na kufuma hutumia maji na nishati nyingi. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha mwaka 2011 utafiti uliolinganisha mifuko ya kubebea. Ulionyesha kwamba mfuko wa pamba unahitaji kutumika mara 131 ili madhara yake kwa tabianchi yashuke hadi kulingana na mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Kwa hiyo mfuko wa pamba unaotupwa baada ya sherehe hauna faida kwa mazingira. Ushoneni uwe na kazi kesho yake: kubebea penseli na rula, kikombe na kijiko cha uji shuleni, au daftari la Mafundisho. Msichapishe jina la mtoto na tarehe ya sherehe kwa herufi kubwa, maana wageni hawatautumia tena. Mabaki ya vitenge kutoka kwa mafundi cherehani ni bora zaidi, kwa kuwa kitambaa hicho kingetupwa.

3. Je, kilichomo ndani kinalingana na mfuko? Mfuko wa pamba uliojaa vikorokoro vya plastiki humdanganya mteja. Wekeni penseli, kalamu za rangi, kamba ya kurukia, kashata iliyofungwa kwa karatasi, au mbegu za mchicha zilizokunjwa kwenye karatasi yenye maelezo ya kupanda. Mbegu zilizopakwa rangi, za pinki au kijani kwa mfano, mara nyingi zimetiwa dawa. Hizo zisiwekwe kamwe kwenye zawadi ya mtoto.

Usalama pia ni sehemu ya ubora. Kitu kinachopita ndani ya kibomba cha karatasi ya chooni ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwani kinaweza kumkaba. Karanga nzima zisipewe watoto wa chini ya miaka mitano. Kabla ya kufunga mifuko, muulizeni mzazi umri wa watoto na kama kuna anayedhuriwa na karanga.

Hesabu ya mfuko mmoja

Tuchukue mfano. Bei zilizotumika hapa ni za kufundishia. Nanyi wekeni bei za soko lenu.

Kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho wengi hukiita marekani, kina upana wa sentimita 150. Tunakata vipande vya sentimita 20 kwa 50. Mita moja inatoa vipande 14. Kila kipande hukunjwa katikati, hushonwa pande mbili, na mdomo hupindwa sentimita 3. Mfuko uliokamilika una upana wa sentimita 18 na kimo cha sentimita 22. Mdomo hufungwa kwa kamba ya katani. Mita mbili zinatoa mifuko 28.

Gharama za mifuko 28 ni hizi:

- Kitambaa, mita 2 kwa shilingi 5,000: 10,000
- Uzi na sindano: 1,000
- Kamba ya katani: 1,000
- Nauli ya kwenda sokoni na kupeleka mzigo: 3,000
- Kazi ya kukata, kushona, kupiga pasi na kutia kamba, saa 7 kwa shilingi 1,500: 10,500
- Matengenezo ya cherehani, mafuta na mkaa wa pasi: 1,800
- Jumla: shilingi 27,300

Kati ya mifuko 28, tuseme miwili inaharibika au inabaki kama sampuli. Inayouzwa ni 26. Gawanya 27,300 kwa 26, utapata shilingi 1,050 kwa kila mfuko.

Sasa tuangalie kikundi kinachohesabu vile tu vilivyonunuliwa dukani, yaani kitambaa, uzi na kamba. Hizo ni shilingi 12,000 kwa mifuko 28, kama shilingi 430 kwa mfuko. Kikundi hicho kitauza kwa shilingi 700 na kuamini kwamba kimepata faida ya 270. Ukweli ni kwamba kimepoteza 350 kwa kila mfuko. Kikipata oda ya mifuko 100 watashangilia, na hasara itakuwa shilingi 35,000. Kadiri wanavyouza zaidi ndivyo wanavyozidi kuzama. Hasara hiyo haionekani mapema kwa sababu inalipwa kwa mikono ya akina mama wanaoshona bure. Siku wanapochoka au kuuguliwa, biashara husimama.

Tukiuza kwa shilingi 1,300, mifuko 26 inaleta 33,800. Fedha hizo zina wenyewe hata kabla hazijafika:

- 15,000 zinarudi kununua vifaa na kulipa nauli ya awamu inayofuata
- 10,500 ni ujira wa walioshona
- 1,800 zinatunzwa kwa ajili ya cherehani
- 6,500 ni faida ya kikundi

Vitu vinavyowekwa ndani hesabuni peke yake, kila kimoja kwa bei ya kununulia pamoja na nyongeza kidogo ya kazi ya kufungasha. Mteja aonyeshwe bei ya mfuko mtupu na bei ya mfuko uliojazwa, achague mwenyewe.

Kutafuta wateja

Mteja anayenunua kwa huruma hununua mara moja. Kwa hiyo mifuko kumi ya kwanza msiwauzie ndugu wala wanajumuiya. Wapelekeeni watu wasiowajua: mwokaji wa keki, mpambaji wa kumbi, mwenye duka la vifaa vya shule, mwalimu mkuu wa chekechea. Hawa hukutana na wazazi wanaoandaa sherehe kila wiki. Wakisema mshono ni mbaya au bei ni kubwa, wamewapa elimu ya bure.

Mwokaji wa keki atataka chake. Akichukua shilingi 200 kwa kila mfuko unaouzwa kwa 1,300, faida yenu inabaki 50. Bei ya kupitia kwake basi iwe 1,500, na ipangwe tangu mwanzo.

Ombeni malipo ya awali ya nusu kwa kila oda. Kwa oda ya mifuko 26 hiyo ni shilingi 16,900, inayotosha vifaa na nauli. Mteja akiahirisha sherehe, akiba ya wanachama haijaguswa. Kumbukeni pia kwamba oda hufuata misimu: mahafali mwishoni mwa mwaka, Krismasi, Idi, komunyo ya kwanza na kipaimara. Faida ya misimu hiyo itunzwe kwa miezi mikavu.

Biashara inapoanza kukua, isajilini. Namba ya mlipakodi, yaani TIN, hutolewa bure na TRA. Kwa ushauri wa vyakula vinavyofungashwa, ofisi ya SIDO ya mkoa ni mahali pazuri pa kuanzia. Vikundi vilivyosajiliwa vinaweza pia kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini hata mkopo usio na riba hurudishwa. Usiombwe kabla daftari halijaonyesha faida.

Neno kwa kamati za parokia

Kamati ikihitaji mifuko kwa sikukuu ya watoto, ni vema iagize kama mteja mwingine yeyote: oda ya maandishi, malipo ya awali, na bei kamili. Kuomba punguzo kwa sababu "hawa ni wetu" ni kuchukua ujira wa mama aliyeketi kwenye cherehani saa saba. Kama kamati inataka kusaidia, itoe chumba chenye mwanga na mlango unaofungwa.

Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa moyo wa kuchangia. Mara nyingi tunaulizwa kama tuongeze cherehani. Katika mfano wetu, kushona mifuko 28 kwenye cherehani moja, dakika kumi kila mmoja, huchukua chini ya saa tano. Kikundi ambacho bado hakijapata oda ya mifuko 28 kwa siku hakihitaji cherehani ya pili. Kinahitaji wateja, mafunzo ya kutunza daftari, na mtaji mdogo wa kununulia kitambaa kwa jora, ambako mita huwa na bei nafuu. Kabla ya kutoa chochote, ombeni kuona daftari la miezi mitatu. Kikundi kinachoweza kulionyesha kitautunza msaada wenu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika biashara tuliyo nayo sasa, ni gharama gani hatujawahi kuiandika?
2. Tukijilipa ujira wa kila saa, je, bidhaa yetu bado ina faida? Kama haina, tupandishe bei, tupunguze muda wa kazi, au tuiache?
3. Taja wateja watano walio nje ya parokia yetu. Nani atakwenda kwao wiki hii, na atabeba sampuli gani?
4. Mtoto atafanya nini na mfuko wetu siku ya pili baada ya sherehe? Waulizeni watoto wenyewe.
5. Nani atatunza daftari, na nani mwingine atalikagua kila mwezi?