MPIRA WA CHUONI: JE, KIJANA WAKO ATALIPWA KWA KUCHEZA?

Jioni ukipita Bomani, hapa Tarime, utakuta vijana wanacheza mpira. Wengine ni wa sekondari, wengine ni wa vyuo. Watu wamesimama pembeni wanashangilia. Kijana akifunga goli zuri, utasikia mtu anasema, "Huyu mura ni wa Simba huyu! Huyu ni wa Ulaya kabisa!"

Kusema ni rahisi. Lakini je, ni kweli? Na mzazi afanye nini kijana akija nyumbani na kusema, "Baba, naacha chuo, nakwenda kucheza mpira"? Hebu tujifunze jambo hili pole pole.

1. MPIRA WA RIDHAA NA MPIRA WA KULIPWA

Mchezaji wa ridhaa hucheza kwa kupenda. Halipwi mshahara. Wanafunzi wetu wako katika kundi hili. Shule za msingi zina mashindano yao yanayoitwa UMITASHUMTA. Shule za sekondari zina UMISSETA. Mashindano hayo huanzia chini, yakapanda mpaka mkoa, na mwisho taifa.

Mchezaji wa kulipwa ana mkataba na klabu. Mpira ndiyo kazi yake, kama vile mwalimu na kufundisha, au mkulima na shamba. Asipofanya kazi vizuri, klabu humwacha.

2. TUPIGE HESABU

Ligi Kuu ya Tanzania ina timu 16. Tuseme kila timu ina wachezaji 30.

16 x 30 = 480

Basi nafasi ni kama 480 tu. Nchi yetu, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, ina watu zaidi ya milioni 61. Tena baadhi ya nafasi hizo huchukuliwa na wachezaji kutoka nchi za nje.

Mkoa wetu wa Mara tuliwahi kuwa na timu huko juu. Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018. Mwaka 2021 ilicheza hata mashindano ya Afrika. Lakini mwaka 2022 ilishuka daraja. Timu ikishuka, wachezaji wengi hutafuta pengine pa kula. Ndiyo hali ya kazi hii.

Hatusemi vijana wasijaribu. Tunasema wajue ukubwa wa mlima kabla ya kuupanda.

3. WALIOFIKA WALIPITA WAPI?

Mnamjua Mbwana Samatta. Huyu hakuruka kutoka uwanja wa mtaani mpaka Uingereza. Alicheza African Lyon, kisha Simba. Mwaka 2011 alikwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo. Mwaka 2015 timu hiyo ilichukua ubingwa wa klabu za Afrika. Januari 2016 akaenda Genk, Ubelgiji. Januari 2020 ndipo akafika Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Toka Simba mpaka Uingereza ni miaka 9. Haraka haraka haina baraka.

Wengine walipitia chuoni. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alicheza mpira wa kikapu katika Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani. Mwaka 2009 timu za kulipwa za Marekani zilipochagua vijana wapya, yeye alichaguliwa wa pili. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika huko.

Na mkoa wetu je? Suleiman Nyambui alizaliwa Majita, mkoa huu huu wa Mara. Yeye ni mtu wa mbio, siyo wa mpira. Alisoma Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, huku akikimbia. Mwaka 1980 alipata medali ya fedha katika mbio za mita 5,000, Michezo ya Olimpiki, Moscow. Miguu ilipochoka, hakukaa bure. Alikuwa kocha, tena akawa Katibu Mkuu wa chama cha riadha cha taifa.

Tunaona nini hapa? Miguu huzeeka mapema. Mchezaji wa mpira akifika miaka 35, wengi wao wamekwisha. Mwalimu wa miaka 35 ndiyo kwanza anaanza kuzoea kazi. Kwa hiyo kijana ashike mpira kwa mkono mmoja, na masomo kwa mkono wa pili.

4. ADABU YA UWANJANI

Watu wengi hudhani mchezaji hutazamwa miguu tu. Sivyo. Anayetafuta wachezaji hutazama pia tabia. Je, kijana humtukana refa? Akipigwa teke, hurudisha? Timu yake ikifungwa, huwalaumu wenzake? Klabu hainunui ugomvi.

Kadi za njano na nyekundu zilianza kutumika katika Kombe la Dunia mwaka 1970, kule Mexico. Njano ni onyo. Nyekundu ni kutoka nje, na mechi inayofuata huchezi. Timu inabaki na watu 10 kwa sababu ya hasira za mtu mmoja.

Sikilizeni yaliyowapata ndugu zetu wa Senegal. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2018, Senegal na Japani walilingana kwa kila kitu. Kila mmoja alikuwa na pointi 4. Kila mmoja alifunga magoli 4, akafungwa 4. Walipokutana wenyewe, walitoka 2 kwa 2. Sasa nani aendelee? Zikahesabiwa kadi. Japani walikuwa na kadi za njano 4. Senegal walikuwa nazo 6. Senegal wakafunga safari, wakarudi nyumbani. Kadi mbili tu!

Na sisi watazamaji tumo. Kijana akifungwa tukamcheka, au tukamwambia "mpige huyo," tunamharibu. Wahenga walisema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Mechi ikiisha, mpeane mikono.

5. MFANO: NG'OMBE WAWILI NA KARATASI MOJA

Tuchukue mfano. Mzee mmoja ana kijana wa miaka 17, anajua mpira sana. Siku moja anakuja mgeni kwa pikipiki. Amevaa vizuri.

"Mzee, shikamoo. Kijana wako nimemwona. Namtafutia timu ya nje. Ila zinatakiwa pesa za safari. Uza ng'ombe wawili tu. Weka dole gumba hapa."

Mzee anafurahi, anataka kwenda zizini. Mkewe amehitimu kisomo cha watu wazima. Anasema, "Baba, ngoja kwanza. Nipe hiyo karatasi niisome."

Anasoma mstari kwa mstari. Jina la klabu halimo. Mshahara haumo. Miaka ya mkataba haimo. Kilichomo ni pesa za mgeni tu.

"Sasa, mgeni wetu," anauliza mama, "klabu yenyewe ni ipi?"

Mgeni anasema atarudi kesho. Kesho haonekani. Ng'ombe wako zizini, na kijana yuko darasani.

Ndugu msomaji, shika mambo haya:

(a) Klabu ya kweli humlipa mchezaji. Haimdai mzazi ng'ombe.

(b) Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, yaani chama cha mpira cha dunia. Mwambie aionyeshe.

(c) Sheria za FIFA zinakataza kijana wa chini ya miaka 18 kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache maalumu.

(d) Mkataba wa kijana wa chini ya miaka 18 usizidi miaka 3. Wa mtu mzima usizidi miaka 5.

(e) Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Mpelekee mwalimu, au uliza chama cha mpira cha wilaya.

Ulijifunza kusoma kwa jasho. Kazi yake ndiyo hii.

MANENO MAPYA

Ridhaa: kufanya jambo kwa kupenda, bila malipo.
Mkataba: mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.
Wakala: mtu anayemsimamia mchezaji katika mapatano na klabu.

MASWALI

1. Mchezaji wa ridhaa na wa kulipwa wanatofautianaje?
2. Kama kila timu ya Ligi Kuu ingekuwa na wachezaji 25, nafasi zingekuwa ngapi?
3. Kwa nini Senegal walitolewa mwaka 2018?
4. Yule mama aligundua nini katika karatasi?
5. Jadilianeni kikundini: kijana wa chuo afanye nini ili mpira usimharibie masomo, na masomo yasimnyime mpira?