SOMO: MWENZETU ANAPOLEMEWA



Somo letu la leo ni juu ya kujiua. Wengi hawapendi neno hili litajwe, wanasema ni mkosi. Sisi tunaona kunyamaza ndiko kubaya zaidi.

Mtu hafiki huko kwa jambo moja. Mizigo hupangana. Sisi wa Gatumba tunaijua: tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa kambini hapa hapa, Septemba 2011 watu wakapigwa risasi baani, mwaka 2020 mto Rusizi ukafurika, maelfu wakahama nyumba zao. Sasa mtu aliyepoteza nyumba, mwongezee deni la dukani, kusimamishwa kazi, pombe kila jioni na usingizi uliomkimbia. Huyo yumo hatarini. Tusiseme ni mlevi tu.

Lakini wapo waliobeba yote hayo na wanaishi. Wana mtu wa kumweleza, wana kikundi cha akiba, wana kanisa au msikiti, wana wenzao wa kazi wanaouliza, "Mbona jana hukuja?" Swali dogo hilo ni kinga.

Kinga nyingine sisi wa mashamba hatuitazami, nayo ni ufunguo wa stoo ya dawa za wadudu. Mara nyingi hamu ya kufa huja kwa nguvu halafu hupungua. Sumu ikiwa mbali saa hiyo, mtu huokoka. Nchi ya Sri Lanka ilipiga marufuku dawa kali za mashambani, hasa kuanzia mwaka 1995. Kufikia 2015 vifo vya kujiua vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 70. Shida za watu hazikwisha kule, bali sumu iliondolewa mikononi. Kwa hiyo kufuli la stoo ni dai la chama, kama mshahara. Na anayebeba dawa iliyobaki kwenda nayo nyumbani ndani ya chupa ya soda, tumkataze.

Mwenzako akianza kuaga, kugawa vitu vyake, au kusema "karibuni sitawasumbua tena", mwulize wazi: "Ndugu yangu, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Usimhubirie wala usimgombeze. Msikilize, usimwache peke yake, umsindikize kwa mganga wa zahanati au kwenye kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, mjini Bujumbura.

Kabla ya mkutano ujao, kila mjumbe aangalie stoo ya kazini kwake inafungwa na nani, na ufunguo unalala wapi.