Nataka Kazi ya Takwimu za Umeme

SWALI: Mhandisi, nimemaliza kidato cha nne na hesabu naipenda. Nikipita Langobaya, huku Malindi, naona ule mtambo wa sola. Pana kazi ya mtu wa kompyuta, au ni mafundi tu? – Msomaji, Kakuyuni

JIBU: Ipo, mwanangu. Mtambo ule, ulioanza kazi mwishoni mwa 2021, unaweza kuingiza megawati 40 kwenye gridi ya taifa. Lakini wingu likitanda, umeme hushuka ghafla, na wasimamizi wa gridi lazima wajue mapema wapi pa kuongeza. Hapo ndipo takwimu zinapohitajika: mwanga wa jua, joto la paneli, umeme wa kila inveta. Anayezisoma vizuri huona safu moja ya paneli imezidiwa na jirani zake, pengine kwa vumbi, kabla fundi hajatoka ofisini.

Ila usiruke ufundi. Soma stashahada ya umeme, tafuta leseni ya sola ya EPRA, mamlaka ya nishati, kisha ujifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Ajira za kudumu mtamboni ni chache, kwa hiyo tazama pia Kenya Power na hoteli za Malindi na Watamu zenye sola. Kwa sasa, andika yuniti za mita ya tokeni ya nyumbani kila jioni, uzichoree grafu.