Maji ya Ziwa na Choo cha Nyumbani

Sisi tukaao Nansio twazungukwa na maji, na kwa hiyo twadhani ya kuwa maji si jambo la kufundishwa. Mji wetu ulitiwa, pamoja na Geita na Sengerema, katika mpango wa maji wa Ziwa Viktoria wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hata hivyo ziwani hatujaacha kwenda, na humo mna kichocho.

Wengi hudhani kichocho ni kukojoa damu tu. Kile cha Ukerewe ni cha matumbo: huharibu ini pole pole, tumbo huvimba, na mwisho mtu huweza kutapika damu. Mayai ya minyoo hutoka katika kinyesi cha watu. Yakifika majini huanguliwa, na vijidudu vyake huingia katika konokono wadogo wa ufuoni. Baadaye hutoka vingine, hasa jua liwapo kali, navyo hupenya ngozi ya mtu aogaye, afuaye au avutaye wavu.

Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, lakini haimzuii mtu kuambukizwa tena. Nimeona watoto wakiimeza asubuhi, na jioni wamo ziwani!

Basi yatupasa kuwa na vyoo. Mtasema, “Mchungaji, chini ni mwamba.” Ni kweli; nami nilivunja majembe mawili. Palipo mwamba, kiinueni choo juu ya ardhi kwa mawe, mbali na kisima hatua 40. Maji ya kuoga yasiyo na konokono yakilazwa mtungini siku mbili, vijidudu hivyo hufa. Ya kunywa yachemsheni hata yatokote, maana kuyalaza hakuondoi kipindupindu.