Namna ya Kuongeza Usahihi wa Saketi Zinazosoma Alama za Vidole

Mwashi anayeshika matofali na saruji kutwa, mkulima anayepiga jembe, na mama afuaye nguo kila siku wana jambo moja linalofanana: matuta madogo ya ngozi yaliyo katika ncha za vidole vyao hulika. Wanapogusa kihisi cha alama za vidole, kifaa huweza kuwakataa ingawa wao ndio wenyewe. Lawama hutupiwa kidole, lakini sehemu ya kasoro yaweza kuwa katika saketi. Makala haya yanaeleza jinsi kihisi cha kapasitansi, ambacho hutumiwa katika simu nyingi, kinavyofanya kazi, na jinsi usahihi wake unavyoweza kuongezwa. Vihisi vinavyotumia mwanga havihusiki hapa.

KIDOLE KAMA BAMBA LA KAPASITA

Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba kapasita ni mabamba mawili ya kipitishi umeme yaliyotenganishwa na kihami. Kapasitansi yake ni

C = kεA/d

ambapo A ni eneo la bamba, d ni umbali kati ya mabamba, ε ni 8.85 × 10⁻¹² faradi kwa mita, na k ni namba inayoonyesha kihami kinaongeza kapasitansi mara ngapi kuliko ombwe. Kwa hewa, k ni karibu 1. Kwa vioo vingi ni 4 au zaidi.

Katika kihisi, bamba la kwanza ni kipande kidogo cha metali kilichomo katika seli. Bamba la pili ni kidole chenyewe, kwa kuwa ngozi hai hupitisha umeme. Tuta la ngozi hugusa kifuniko cha kihisi, hali bonde lililo kati ya matuta huacha nafasi ya hewa. Kwa hiyo seli iliyo chini ya tuta ina kapasitansi kubwa kuliko ile iliyo chini ya bonde. Maelfu ya seli yakipimwa moja moja, picha ya alama ya kidole hupatikana.

Kihisi cha simu ya iPhone 5s, iliyotolewa mwaka 2013, kilikuwa na seli 500 kwa kila inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, basi kila seli ina upana wa karibu maikromita 50, yaani sehemu ya ishirini ya milimita.

HESABU YA KIFUNIKO

Na ichukuliwe seli ya mraba yenye upande wa maikromita 50, na bonde lenye kina cha maikromita 50. Ikiwa kifuniko kina unene wa maikromita 2 na k = 4, kapasitansi chini ya tuta ni karibu femtofaradi 44, na chini ya bonde ni 0.44. (Femtofaradi 1 ni faradi 10⁻¹⁵.) Tofauti ni kubwa na kuipima si kazi.

Lakini kifuniko chembamba hivyo huchubuka upesi. Kikiongezwa unene hadi maikromita 100, kapasitansi chini ya tuta hushuka hadi 0.885, na chini ya bonde hadi 0.295. Tofauti sasa ni femtofaradi 0.59 tu, yaani imepungua zaidi ya mara 70. Kinga ya kihisi imelipiwa kwa udhaifu wa ishara.

KIDOGO NDANI YA KIKUBWA

Taabu haiishii hapo. Bamba la seli lina kapasitansi pia na nyaya, transista na silikoni iliyo chini yake. Hiyo ni kapasitansi ya ziada, isiyobeba habari yoyote ya kidole. Ikiwa ni femtofaradi 50, na seli ikitiwa chaji kwa volti 3, chaji ya ziada itakuwa femtokulombi 150, lakini tofauti ya tuta na bonde ni femtokulombi 1.77 tu, yaani elektroni zipatazo 11,000.

Anayeanza atadhani dawa ni kukuza ishara. La hasha. Kikuzaji hakibagui: hukuza cha kidole na kisicho cha kidole pamoja. Chaji hiyo ikipelekwa katika kikuzaji chenye kapasita ya mrejesho ya femtofaradi 10, chaji ya ziada peke yake ingehitaji volti 15, kiasi ambacho saketi ya volti 3 haiwezi kutoa. Kikuzaji kitafika ukomo wake kabla habari ya kidole haijaonekana. Hivyo kanuni kuu ni hii: kwanza ondoa kisichotakiwa, kisha kuza kilichobaki.

NJIA ZA KUONDOA KISICHOTAKIWA

Njia ya kwanza ni ngao. Bamba jingine huwekwa chini ya bamba la seli, na volti yake hupandishwa na kushushwa sawasawa na ya seli. Chaji huhama kati ya mabamba mawili pale tu tofauti ya volti baina yao inapobadilika. Isipobadilika, kapasitansi iliyo kati yao haionekani katika kipimo.

Njia ya pili ni kutoa kabla ya kukuza. Kapasita ya kulinganishia, iliyo sawa na kapasitansi ya ziada iliyosalia, hutiwa chaji ya alama iliyo kinyume. Chaji mbili zikikutana, sehemu isiyo na maana hufutika.

Njia ya tatu ni kupima mara mbili: mara moja kabla ya chaji ya seli kuingia katika kikuzaji, na mara ya pili baada ya kuingia. Kosa la kudumu la kikuzaji limo katika vipimo vyote viwili. Kimoja kikitolewa katika kingine, kosa hilo hutoweka.

Njia ya nne ni wastani. Makelele ya umeme yasiyo na mpangilio hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo: vipimo 16 hupunguza makelele mara 4, na vipimo 100 mara 10. Hata hivyo muda wa kusoma huongezeka, na kidole hakikai kimya. Tena wastani hauondoi kosa la kudumu. Hilo ni kazi ya njia ya tatu.

Mwisho, seli hazifanani kabisa. Kihisi hupimwa bila kidole, kipimo cha kila seli huhifadhiwa, na baadaye hutolewa katika picha. Kwa kuwa joto hubadilisha saketi, kipimo hicho hakina budi kurudiwa mara kwa mara.

KIZINGITI NA HAKI YA MTUMIAJI

Picha ikishapatikana, hulinganishwa na ile iliyohifadhiwa na kupewa alama za ufanano. Zikivuka kizingiti, mtu hukubaliwa. Picha ikiwa na makelele, alama za mwenyewe hushuka na kukaribia za mgeni. Kizingiti kikishushwa ili mwashi akubaliwe, mwizi naye hufunguliwa mlango. Kikipandishwa ili mwizi azuiwe, mwashi hubaki nje. Saketi bora huyatenga makundi hayo mawili, na hivyo huwahudumia wote. Lakini hakuna saketi iwezayo kurudisha matuta yaliyokwisha kabisa. Kwa hiyo kifaa chochote cha haki lazima kiwe na njia nyingine ya kumtambua mtu.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu achukue karatasi mbili za alumini za jikoni, kila moja sentimita 20 kwa 20, na mita ya umeme yenye uwezo wa kupima kapasitansi. Ukurasa mmoja wa daftari uwekwe katikati, na kitabu kizito juu yake. Wanafunzi waandike kipimo, kisha waongeze kurasa moja moja hadi 11.

Watakuta kwamba kutoka ukurasa 1 hadi 2, kapasitansi hupungua kwa karibu nusu. Kutoka 10 hadi 11, hupungua kwa karibu sehemu moja tu ya kumi na moja. Waulizwe: ikiwa ukurasa ulioongezwa ni bonde la kidole, na zile za awali ni kifuniko, kihisi kipi kitaliona bonde kwa urahisi zaidi? Kisha wapime waya za mita peke yake, na kutoa kipimo hicho katika vipimo vyote. Hapo watakuwa wamefanya kwa mikono yao kazi ile ile inayofanywa na saketi ya kihisi.