Nina kilo 96: je, nitafeli vipimo vya viza?



Mimi ni mama wa miaka 36, mkazi wa Nachingwea, ila biashara yangu ya chakula iko Ruangwa, nauzia wachimbaji. Mume wangu yuko Marekani mwaka wa saba huu, ameshakuwa raia, na amenifungulia maombi ya viza ya kwenda kuishi naye. Tatizo ni mwili. Nina kilo 96 na urefu wa sentimita 158. Jirani yangu aliyewahi kufanya kazi Oman ananiambia kwenye vipimo vya viza mtu bonge hapiti. Mume naye kila akipiga simu ni hilohilo: "Punguza mwili kwanza, wasije wakakukataa." Kuna kijana wa Dar es Salaam anasema nikimpa laki sita atanipatia cheti cha daktari, pamoja na dawa ya kutoa kilo 15 kwa mwezi. Mwaka jana nilipima presha zahanati, ikasoma 158 kwa 96. Nikaambiwa nirudi, sikurudi. Naogopa wakiniandika mgonjwa ndiyo safari imekufa. Nishauri, Anti.

Bonge wa Nachingwea

Mdogo wangu,

Nianze na laki sita, maana hizo zinaweza kuwa zimeshaondoka kabla jibu langu halijakufikia. Usimpe. Daktari anayewapima wanaohamia Marekani huteuliwa na ubalozi, na jina lake utalikuta kwenye maelekezo utakayotumiwa kesi yako ikifika hatua hiyo. Majibu yake ama huenda ubalozini kwa mtandao, ama hutiwa kwenye bahasha ambayo hata wewe mwenye mwili wako huruhusiwi kuifungua. Cheti cha huyo kijana hakina dirisha la kupokelewa. Ukikipeleka, umejitengenezea kesi ya udanganyifu, na kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani mtu aliyedanganya ili apate viza anaweza kufungiwa mlango maisha yake yote. Hakuna unene uliowahi kumfanyia mtu hivyo.

Dawa yake ndiyo inanitisha zaidi. Kilo 15 kwa mwezi si kupungua, ni kuumwa. Chai na vidonge vingi vya namna hiyo duniani vimekamatwa vikiwa vimechanganywa na kemikali iitwayo sibutramini, ambayo Ulaya na Marekani ziliiondoa sokoni mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Kazi yake mojawapo ni kupandisha presha na kuyakimbiza mapigo ya moyo. Yaani ungelipa pesa yako ili siku ya vipimo ukutwe na tatizo kubwa kuliko ulilonalo leo. Dawa isiyosajiliwa na mamlaka ya dawa, TMDA, isiyo na jina la kiwanda, inayouzwa kwa WhatsApp, iache hukohuko.

Sasa jirani yako. Simwiti mwongo. Yeye amesimulia ya Oman, wewe unakwenda Marekani, na kila nchi ina orodha yake. Nchi za Ghuba humpima mfanyakazi kama mwajiri anavyotaka awe: kifua, homa ya ini, virusi vya Ukimwi, mimba, na mengine. Uingereza, kwa mtu wa Tanzania anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6, inataka cheti cha kifua kikuu, na mizani haina neno pale. Kanada inapiga hesabu ya gharama: matibabu yako yakikadiriwa kupita mara tatu ya wastani wa Mkanada, unaweza kukataliwa, ingawa mke wa raia amesamehewa kipengele hicho. Nchi ambayo uzito umewahi kumfungia mtu mlango waziwazi ni New Zealand. Mwaka 2013 mpishi mmoja wa Afrika Kusini, aliyekuwa ameishi huko miaka 6, alinyimwa kuongezewa viza akiwa na kilo 130, kwa hoja kwamba mwili wake ungekuja kuwagharimu walipa kodi. Habari zake zilizunguka dunia nzima, na nadhani hofu nyingi ninazoandikiwa zina mizizi hapo.

Marekani daktari anatafuta nini? Kwanza magonjwa ya kuambukiza: kifua kikuu kilicho hai, kaswende, ukoma na mengine machache. Virusi vya Ukimwi viliondolewa kwenye orodha hiyo Januari 2010, ingawa mtaani bado wanaapa kwamba vimo. Pili chanjo. Tatu dawa za kulevya, na ugonjwa wa akili au wa mwili unaoambatana na vitendo vya kudhuru watu. Ukikutwa na mojawapo ya hayo unaandikwa Daraja A, na Daraja A ndiyo inayozuia viza. Unene haumo. Presha haimo. Kisukari hakimo. Hayo, yakiwa makubwa, yanaandikwa Daraja B, kwa maana ya kwamba mtu huyu ana hali inayohitaji kuangaliwa, na daktari anaendelea na mtu anayefuata.

Wewe umeishi kwenye korosho, utanielewa. Ghalani gunia hupandishwa kwenye mizani, lakini kinachofanya mzigo urudishwe kwa mkulima ni unyevu na kilichomo ndani ya ganda. Daktari wa ubalozi naye atakupima kilo na urefu, ataandika, kisha atageukia kifua chako.

Kwa hiyo kifua ndicho nikuulizie. Unauzia wachimbaji, na wachimbaji wadogo ni miongoni mwa watu wanaopata kifua kikuu kuliko wengine, kwa sababu ya vumbi la mawe na kubanana. Unakohoa? Umewahi kutibiwa TB, hata zamani? Kama ndiyo, itafute kadi yako ya matibabu sasa, maana picha ya eksirei ikionyesha kovu utatakiwa kutoa makohozi siku 3, na kuyaotesha maabara huchukua hadi wiki 8. Watu wengi safari zao zimechelewa hapo, wala si kwenye kilo.

Ningekuwa nakujibu miaka miwili iliyopita, ningeishia hapa na kukutakia safari njema. Mambo yamebadilika. Novemba 2025 wizara ya mambo ya nje ya Marekani iliwapelekea maofisa wake wa viza maelekezo mapya: wanapoamua kama mhamiaji anaweza kuja kuwa mzigo kwa serikali yao, waangalie pia afya yake, na yakatajwa magonjwa ya moyo, kisukari, saratani na mengineyo. Unene nao ukatajwa kwa jina, kwa kuwa unaweza kuleta presha, pumu na kukatikiwa pumzi usingizini. Tofautisha watu wawili hapa. Daktari hakufelishi kwa unene. Ofisa wa viza, aliyekaa nyuma ya kioo na faili lako, ndiye anayeweza kuuliza: huyu akiugua, nani atalipa?

Swali hilo lina majibu, na sehemu kubwa ya majibu haiko mwilini mwako. Ofisa anatakiwa kutazama mambo kwa pamoja: umri, afya, familia, mali, elimu na ujuzi, na juu ya yote kipato cha anayekudhamini. Una miaka 36, una mikono inayolisha watu kila siku, na una mume mwenye kazi. Tutarudi kwake.

Jambo jingine lazima ulijue, maana huyo kijana wa Dar es Salaam hatakuambia. Tangu Januari 21, 2026 Marekani imesimamisha kutoa viza za kuhamia kwa raia wa nchi 75, na Tanzania imo. Sababu waliyoitoa ni hiyohiyo ya kuogopa wahamiaji watakaotegemea misaada ya serikali. Maombi yanapokelewa, na usaili unaweza kufanyika, ila viza yenyewe haitolewi mpaka watakapoamua vingine. Mtu anayekuharakisha ulipe leo upate cheti wiki ijayo anakuharakishia wapi? Usikimbilie hata vipimo halali kabla ubalozi haujakuita. Majibu ya vipimo hivyo kwa kawaida hudumu miezi 6, yakipitwa na wakati unalipa upya.

Basi huu muda uutumie kwa lile ulilolikimbia mwaka jana.

Presha 158 kwa 96 si ndogo. Inawezekana pia haikuwa sahihi, na hili wauguzi wenye foleni ndefu hulisahau: mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, mashine husoma juu kuliko presha ilivyo. Nenda Hospitali ya Wilaya hapo Nachingwea, omba kwa adabu mkanda mkubwa, kaa dakika 5 bila kuongea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Rudia siku nyingine. Ikiendelea kusoma 140 kwa 90 au zaidi, una presha, utaanzishiwa dawa, na utakuwa umepata kitu cha thamani kwa safari yako: kadi ya kliniki. Pima na sukari asubuhi kabla hujatia kitu mdomoni. Kama kuna kipimo kinachowashinda hapo, watakupa rufaa. Hospitali za Ndanda na Nyangao haziko mbali na wewe.

Unaogopa kuandikwa mgonjwa. Mimi naona kinyume chake. Mwenye presha anayemeza dawa na kuhudhuria kliniki miezi 8 mfululizo, kadi mkononi, ana hoja mbele ya ofisa. Asiyejua presha yake, akakutwa nayo siku ya vipimo ikiwa 180, hana. Na ukiulizwa na daktari wa ubalozi kama una ugonjwa wowote, sema. Kuficha ndiko kunakogeuka udanganyifu.

Kuhusu kilo zenyewe, kwa urefu wako 96 ni nyingi, sitakupaka mafuta. Uwiano wa uzito na urefu wako ni kama 38, na wataalamu wanahesabu kuanzia 30 kuwa ni unene wa kupita kiasi. Lakini huhitaji kuwa na kilo 60 ili upone. Ukipunguza 5 hadi 10 tu, presha na sukari huanza kushuka. Nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki inatosha.

Najua kazi ya mama lishe. Hakuna anayekaa mezani kula, na bado mchana kutwa mdomo unakwenda: unaonja mchuzi, unamalizia chapati iliyoungua, unakwangua ukoko, halafu saa 10 jioni wateja wakiisha ndipo unajipakulia sahani ya mtu mwenye njaa ya siku nzima. Anza kwa kula saa 5 asubuhi, kabla ya msururu wa wateja, sahani yako ukiijaza mboga nusu, mbaazi au samaki robo, ugali au wali robo. Tui zito la nazi liwe la siku moja moja. Soda acha kabisa, kwa sababu chupa ya mililita 350 ina karibu gramu 35 za sukari, vijiko vya chai 8 au 9. Kutembea, kusimama jikoni hakuhesabiki. Tafuta dakika 30 za mwendo wa haraka siku 5 za wiki. Bodaboda ya asubuhi ikushushie mbali kidogo.

Watu watasema. Huku kusini mwanamke aliyenona husifiwa kwamba mume anamtunza, na anayepungua huulizwa kwa kunong'ona ameambukizwa nini. Waache waseme. Usitoroke kliniki wala usirudishe kilo kwa ajili ya midomo ya sokoni.

Nimfikie shemeji. Sina uhakika kama anayetaka upungue ni ubalozi au ni yeye, na hilo mtalimaliza wenyewe chumbani kwenu. Ninachojua ni kwamba katika faili hili mzigo mkubwa ni wake. Ni yeye anayepaswa kusaini hati ya udhamini na kuonyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha kwao, kwa idadi ya watu atakaowalisha, wewe ukiwemo. Ni yeye wa kuleta nakala za kodi, hati za mshahara na barua ya mwajiri. Na kwa haya maelekezo mapya, karatasi ninayoiona ina nguvu kuliko kilo zako zote ni barua ya bima ya afya ya kazini kwake, inayoonyesha kwamba mke anaweza kuingizwa siku akifika. Kipato chake kikiwa kidogo, atafute mdhamini mwenza mapema, ndugu au rafiki mwenye makaratasi ya kudumu.

Mwandikie hayo leo. Akikupigia tena kukuambia upunguze mwili, mwambie umeshaanza kliniki, kisha muulize barua ya bima imefikia wapi.